Sabuni Inayokula Damu

Nimehudhuria misiba mingi na nimesikia uongo mwingi ukisomwa mbele ya majeneza, lakini ule wa kijijini Ngulyati ulinipanda kichwani. Kijana mmoja wa kanisani, suti imempwaya, alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Akasema Mama Milembe alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akafiwa na mume, akawa dobi Bariadi mjini kwa miaka mingi, kisha akaamua mwenyewe kuacha kazi na kurudi kijijini kupumzika. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Eti kupumzika! Nilikuwa nimekaa chini ya turubai pamoja na wanawake wenzangu, nikageuza shingo kutafuta uso mmoja tu wenye haya, sikuuona. Waliotoka Bariadi walikuwa wengi pale na wote walijua. Mwanamke aliyenyimwa salamu na maji hadi akahama, leo tunaambiwa alikwenda kupumzika. Sikufungua mdomo kwa sababu msiba una wenyewe, na kaka yake alikuwa ameniomba asubuhi ile, kwa upole kabisa, tumzike kwa amani. Haya, nimemzika kwa amani. Sasa amani yao imekwisha, naandika.

Habari za ukoo wangu na shule nilizosoma hazihusiki hapa, naziacha. Inatosha kujua kwamba mwaka ninaousema mkoa wa Simiyu ulikuwa mchanga kabisa, mabango ya ofisi Bariadi bado yananukia rangi, na mimi Kabula nilikuwa binti aliyemaliza kidato cha sita akakaa mwaka mzima akisubiri nafasi ya chuo. Nilipanga chumba katika nyumba moja na Mama Milembe, nyumba ya vyumba vinavyotazamana na ua katikati. Ua ulikuwa wa wapangaji wote kwa maneno, lakini kwa vitendo ulikuwa wake, maana ndipo alipofulia. Kamba zake zilipita kila upande, ukitoka chumbani asubuhi lazima uiname chini ya mashuka ya watu. Nilimwita mayu, kama tunavyomwita kwetu mwanamke wa umri wa mama, naye aliniita ng'wanawane, mwanangu, hasa akitaka nimshikie upande wa pili wa blanketi la kukamua. Chumba chake kilikuwa na kitanda kizuri cha mninga ambacho sikuwahi kumwona akikilalia. Kitanda kilikuwa cha nguo za wateja, zimepigwa pasi na kupangwa kwa marundo, na mwenye kitanda alilala chini kwenye mkeka. Harufu ya humo ndani ilikuwa ya sabuni ya mche, mkaa na kitambaa cha moto. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda, na alasiri alichemsha michembe, viazi vyetu vitamu vilivyokaushwa, tukavitafuna na karanga huku yeye akiwasema watu. Alikuwa na maringo, sitamfanya malaika kwa kuwa amekufa. Alisema toka Bariadi hadi ziwani hakuna dobi, kuna wanaolowesha nguo tu. Alipenda chai ya sukari nyingi, aligombana na kila mpangaji juu ya kamba, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima kwa moshi wa pasi ya mkaa. Macho yale yalikuwa yananitia wasiwasi hata kabla ya yote. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa macho mekundu yamewagharimu nini wanawake wazee wa Usukumani, waliouawa kwa kuitwa wachawi.

Kazi yake kubwa ilikuwa mashuka ya zahanati moja ya watu binafsi, na zahanati ile ilikuwa ya wazazi. Kwa hiyo kazi yake kubwa ilikuwa damu. Aliloweka kwenye maji baridi yenye chumvi, akafikicha, akabadilisha maji, akafikicha tena, hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Hapo ndipo Bwana Fadhili alipoingia maishani mwetu, na nikilitaja jina hili hadi leo mdomo unakuwa mchungu. Alikuwa ametumwa kutoka Dar es Salaam na kampuni ya sabuni ya unga, kijana mtanashati, viatu vimechongoka, mcheshi wa kupindukia. Walikuwa wanaleta sabuni mpya kanda yetu na alihitaji mtu wa kuzunguka naye masokoni kwenye gari la matangazo, mtu anayejua Kisukuma. Alinichukua mimi kwa sababu nilisoma sayansi na mdomo ninao. Kabla hatujaanza alituketisha, mimi na dereva wake, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, akatupa soda, akatufundisha ile sabuni ni kitu gani.

Na alifundisha vizuri, lazima niseme, maana hilo ndilo linalonikera zaidi. Alisema kuna bakteria wanaofugwa kiwandani, nchi za nje huko, kwenye matangi makubwa. Wanalishwa, wanazaliana, na katika kula kwao wanatoa vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Bakteria wenyewe hawaingii kwenye sabuni, wanabaki huko huko. Vimeng'enya vinachujwa, vinafanywa chembechembe na kuchanganywa na unga. Kila kimeng'enya kina kazi yake na hakigusi ya mwenzake. Kimoja kinakata protini, yaani damu, jasho, maziwa, yai. Kingine kinashughulikia mafuta, kingine wanga, ule uji unaogandia kwenye sare za watoto. Vinaukata uchafu vipande vidogo vidogo hadi maji yanaweza kuubeba, basi. Vinataka maji ya vuguvugu na muda wa kutulia. Ukivimwagia maji yanayotokota vinaharibika, na damu nayo inaivia kwenye kitambaa, hutaitoa tena. Mimi leo ni mwalimu wa baiolojia, kila mwaka nafika kwenye mada hii, na maelezo ninayowapa wanafunzi wangu ni yale yale ya Fadhili. Alijua. Msomaji alishike hilo: yule mtu alijua kila kitu.

Kisha akatuonyesha maneno ya kutangazia. Yalikuwa mafupi, yameandikwa kwa herufi nyekundu ubavuni mwa gari: INAKULA DAMU. Nilimwambia pale pale kwamba hayo maneno hayafai huku.

"Kaka Fadhili, usiseme inakula. Sema inaondoa, sema inang'oa."

"Kila sabuni inaondoa, Kabula. Yetu inakula."

"Kwetu mtu akifa ghafla tunasema ameliwa. Anayekula ni mchawi."

Alicheka, akafunga kompyuta yake. "Ndiyo maana hawatalisahau," akasema.

Basi tukazunguka. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, watu wana pesa mfukoni, minada imejaa. Nikishika kipaza sauti mimi, kwa Kisukuma, nilisema inang'oa. Yeye alinipokonya na kumalizia kwa Kiswahili chake cha Dar, inakula damu, inakula damu, na Kiswahili nani asiyekisikia sokoni? Watoto walitukimbilia nyuma ya gari wakiliimba. Kwenye mnada wa Mwamanyili karibu tuaibike. Fadhili alikuwa ameanza kueleza kwamba kuna hata kimeng'enya kinachokula vile vinyuzi vinavyochambuka kwenye nguo ya pamba iliyochakaa, ili nguo irudi kuwa nyororo. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea baiskeli akauliza kama amesikia sawasawa, inakula pamba? Akaambiwa ndiyo, kidogo. Mzee akasema funza wa pamba anao wa kutosha shambani, hahitaji kuwanunua dukani. Mnada mzima ulicheka na tuliuza kidogo sana siku ile. Njiani nilimkumbusha Fadhili kwamba kula ni neno zito. Akasema wazee wa vijijini ni washamba, tatizo si neno.

Fadhili alimwona Mama Milembe siku aliponishusha nyumbani. Alimkuta kwenye beseni, mashuka ya zahanati mekundu hadi maji yanatisha, akasimama na viatu vyake vilivyochongoka, akatazama, nikamwona kabisa akili inavyomzunguka. Kesho yake akaleta kiroba kizima cha sabuni, bure, akamwonyesha namna ya kuitumia. Mama Milembe alimsikiliza kwa kiburi, mdomo kaupinda upande. Akaloweka shuka moja tu, kwa kumjaribu. Baada ya mchana kutwa alilitoa, akalisuuza, akalinyanyua juani akiligeuza huku na huku, kisha akakaa chini kwenye kigoda na shuka mapajani. Hakufikicha hata mara moja. Alitazama vidole vyake. Aliniambia, "Ng'wanawane, miaka yote hii nimejichubua bure." Tangu siku ile Fadhili akawa mtoto wa nyumba. Alikuja alasiri, anavua viatu, anakaa kwenye mkeka, anakula michembe na karanga na kusema hajawahi kula kitu kitamu namna ile. Mama Milembe alimchagulia vile vipande vinene. Alimwita mwanangu Fadhili, mbele ya watu, kwa sauti.

Haukupita muda akampandisha jukwaani. Soko la Bariadi, siku ya watu wengi, koti la muuza nyama limeletwa na damu yake iliyokauka. Mama Milembe aliliweka kwenye beseni la vuguvugu mbele ya macho ya watu, tukapiga muziki na kugawa vipakiti kwa muda mrefu, kisha akalitoa. Lilikuwa jeupe. Watu wakaguna. Na yeye, na maringo yake yale, akalikung'uta na kuwauliza: damu mliiona? Haya itafuteni, mkiipata mniite. Watu walicheka na kupiga makofi, Fadhili akapaza sauti, mama huyu na sabuni yake, inakula damu! Nilikuwa pembeni na vipakiti mkononi. Nililisikia lile neno "sabuni yake" na sikulipenda. Kuanzia siku hiyo mjini wakamwita hivyo, Mama Inakula Damu, kwa utani, na yeye aliitikia kwa kujivuna.

Utani ulikwisha mvua zilipoanza. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Mama Bahati, kiongozi wa kwaya, mwanamke wa sauti nene na maneno mengi ya Biblia. Mkamwana wake, msichana mpole sana, alijifungua kwenye ile zahanati na akatoka damu nyingi. Mtoto alikuwa salama, lakini mama akawa mweupe viganja, hawezi kusimama. Daktari wa zahanati akasema hana damu, apelekwe hospitali kubwa. Hana damu: neno la kitabibu, la kawaida, kila siku linasemwa. Lakini mashuka aliyojifungulia yalikuwa yamekwenda kwa Mama Milembe, na yalikuwa yamerudi meupe pe. Mtu gani aliunganisha hayo mawili kwanza sijui kwa hakika. Nilichosikia nilikisikia kwenye bomba la maji, nimeinama najaza ndoo, wanawake wawili nyuma yangu wakiongea bila kuniona. Mmoja alisema damu ikiliwa kwenye shuka, inaliwa na huko ilikotoka. Mwenzake akauliza, sasa ile damu huwa inakwenda wapi? Akajibiwa, si alituambia mwenyewe tuitafute? Na sauti iliyojibu ilikuwa ya Mama Bahati. Niligeuka nikawaambia damu inakwenda na maji machafu kwenye mtaro, kama uchafu mwingine wote, na kama hawaamini waende wakachungulie. Walinitazama kama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni.

Nilirudi nikamweleza. Alikuwa anapiga pasi gauni la bibi harusi. Hakuacha kazi, akasema Mama Bahati ana wivu tangu amkatalie kamba, na kwamba mwanawe Fadhili yuko Mwanza wiki hii, akirudi atawanyamazisha wote kwa maneno mawili, yeye si ndiye anayeijua sabuni? Nilimwamini. Mimi pia nilisema Fadhili akija yatakwisha. Lakini mji hauwezi kusubiri mtu arudi Mwanza. Kwanza zikaisha salamu. Kwetu mtu asiposalimiwa amekwisha, afadhali umpige. Alitoka asubuhi akasema mwangaluka, na watu waliokuwa wanapiga mswaki uani wakainama kutema povu, wasiitikie. Mayu wangu yule, mwenye maneno yote yale, akasimama na beseni kiunoni akisubiri jibu. Halafu zahanati ikasimamisha kazi. Muuguzi alikuja mwenyewe, mwanamke msomi, akasema ni kwa muda tu, wazazi wanaogopa, wanatishia kujifungulia kwingine. Nilimuuliza kwa nini wasiwaeleze hao wazazi damu inatokaje kwenye shuka, wao si ndio wataalamu? Akasema zahanati haiwezi kuingilia mila za watu. Mila! Kusengenya mjane kwenye bomba la maji kumekuwa mila. Mwisho mwenye bomba akakataa kumuuzia maji. Hakumtukana, alisema tu bomba limeharibika, na nyuma yake watu wanaendelea kujaza ndoo. Wazee wetu walikuwa na adhabu ya kumtenga mkosaji, asipewe moto wala maji wala salamu, lakini angalau waliita baraza, wakamsomea kosa, na akilipa faini anarudi. Hawa walichukua adhabu wakaacha baraza. Na dobi asiye na maji ana nini tena? Nilimchotea mimi, ndoo mbili mbili, hadi mwenye bomba akanishtukia na mimi likaniharibikia.

Nguo zilikwisha kitandani. Ndiyo mara ya kwanza niliona godoro lake, la maua ya bluu, halijachakaa hata kidogo. Nilimwambia sasa alale kitandani. Alisema hajakizoea, akaendelea kulala chini. Hakuwa anaringa tena, na hilo liliniuma kuliko kama angelia. Usiku alifunga mlango kwa kuusogezea gunia la mkaa, wala hakuniambia anaogopa nini, wala sikumuuliza.

Fadhili akarudi. Nilimpigia simu nikamweleza kila kitu na kumwomba aje mbele ya mkutano wa mtaa, maana mwenyekiti alikuwa ameuitisha baada ya watu kumsumbua. Alisema atakuja, Kabula usijali. Mama Milembe alivaa kitenge chake cha sikukuu. Asubuhi ile alichemsha michembe, akaifunika, akasema mwanangu akitoka mkutanoni atakuwa na njaa. Mkutano ulikuwa chini ya bati la ofisi ya mtaa, mvua inanyesha, watu wamebanana. Mkamwana wa Mama Bahati alikuwa ameshatoka hospitali siku chache nyuma. Aliongezewa damu ya kaka yake na akapona, alikuwa amekaa pale mbele ananyonyesha, mashavu yamerudi rangi. Nilidhani hiyo peke yake ingetosha. Mwenyekiti akasema wananchi wanataka kujua jambo moja tu kutoka kwa mwenye sabuni: ni kweli hii sabuni inakula damu?

Fadhili alisimama. Gari lake lilikuwa limeegeshwa nje, na niliona, naapa niliona, kwamba yale maneno mekundu ubavuni yalikuwa yamebanduliwa. Alisema kwa sauti tamu ya jukwaani:

"Ndugu zangu, kampuni yetu inauza sabuni ya kufulia. Sabuni yetu haili damu ya mtu wala ya mnyama. Kama kuna mtu ana matumizi yake mengine, au anachanganya na vitu vyake anavyovijua mwenyewe, hilo kampuni haihusiki nalo."

Watu wote waligeuka kumtazama Mama Milembe. Vitu vyake anavyovijua mwenyewe! Angeweza kusema vimeng'enya. Angeweza kusema protini, bakteria, matangi, angeweza kuomba beseni na maji ya vuguvugu na kuwaonyesha mkamwana mwenyewe, mzima wa afya, damu yake inazunguka mwilini wakati shuka lake ni jeupe. Alikuwa na maelezo yote kichwani, nimeyasikia kwa masikio yangu nikinywa soda yake. Lakini kueleza kunachukua muda, na watu wakiondoka pale na shaka, mauzo yanashuka. Kulitupa neno lake mabegani mwa mjane kulikuwa rahisi zaidi. Nilisimama nikasema kwamba ni yeye aliyelileta neno, kwamba nilimkataza, kwamba lilikuwa limeandikwa kwenye gari lake hadi juzi. Mwenyekiti akasema, binti kaa chini, wewe ulikuwa unalipwa naye. Na Fadhili, bila kunitazama, akasema mimi na yeye tulishaachana kikazi. Ndivyo nilivyojua nimefukuzwa.

Mama Milembe hakujitetea. Alisema tu, kwa sauti ambayo waliokuwa nyuma hawakuisikia, "Fadhili, mbona umekula kwangu." Lile neno tena, kula, watu wa mbele wakalisikia na kulitafsiri walivyotaka. Fadhili aliondoka mvua ikiendelea. Michembe tuliikuta imepoa, tukawapa kuku wa jirani.

Wenzangu wasomi huniambia tuwaelewe watu wa wakati ule, hawakuwa na elimu. Siwaelewi na sitaki. Daktari alikuwa na elimu, muuguzi alikuwa na elimu, Fadhili alikuwa na elimu ya kutosha kuigawa bure ukumbini. Hata wale wa kwenye bomba hawakuwa wajinga, walijua vizuri kwamba uji hutoka kwenye sare na hakuna mtoto anayekonda kwa sababu hiyo. Elimu ilikuwepo tele mjini, ila kila mwenye nayo aliifungia kabatini kwa sababu zake.

Kaka yake alikuja kumchukua na mkokoteni wa ng'ombe. Alisema wazi kwamba hawezi kusubiri mpaka yatokee ya kutokea. Tulipakia kitanda cha mninga, pasi, mabeseni, kamba zimekunjwa. Wapangaji walikaa ndani ya vyumba vyao, mapazia yanachezacheza. Kiroba cha sabuni kilikuwa kimebaki karibu nusu, na tulikuwa tunakifunga mdomo pale mlangoni alipotokea Mama Bahati. Alikuwa na kanga kichwani, ametazama chini, anakuja kwa hatua za mtu aendaye kuomba chumvi. Alisimama mbali kidogo.

"Mayu," akasema, "nasikia unaondoka. Hayo mabaki ya sabuni, si utuachie."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaendelea kueleza kwamba siku ile ya uzazi walikuwa wamempeleka mkamwana na shuka lao la nyumbani, shuka la harusi lenye tarizi, na lilichafuka sana. Walilificha ndani bila kulifua, kwa kuogopa, mnaelewa. Sasa mwenye shuka amepona na analiulizia. Wamejaribu sabuni ya mche, damu haitoki.

Nilifungua mdomo kumtukana, na nilikuwa na matusi ya kutosha kunifikisha mahakamani. Mama Milembe alinishika mkono. Alimtazama Mama Bahati kwa macho yake yale mekundu, akanyanyua kiroba chote akampa.

"Mmelichemsha?"

"Hapana, mayu."

"Vizuri. Maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Liache litulie mchana kutwa, usilifikiche, utaharibu tarizi."

Nilitembea kando ya mkokoteni hadi nje ya mji, nikimuuliza kwa nini, kwa nini amempa, mimi ningeimwaga yote kwenye tope na kuikanyaga mbele yake. Alikuwa amekaa juu ya mabeseni, amejishikilia. Mwisho alichoka na kelele zangu.

"Ng'wanawane, shuka lina kosa gani?"

Hapo nikamwacha aende, nikarudi peke yangu. Sijamsamehe kwa jibu lile, na mara zote nilipomtembelea Ngulyati, nikimkuta anapalilia viazi kwa mikono isiyojua jembe, nilitamani kulirudisha swali na sikuthubutu.

Wiki iliyofuata nilipita mbele ya nyumba ya Mama Bahati alasiri, jua limetoka baada ya mvua. Shuka lilikuwa kambani, mbele kabisa, upande wa barabara, tarizi yake imekaa vizuri na jeupe lote. Yeye alikuwa amekaa chini yake anabangua karanga. Watu walipita wakimsalimu, mwadila mayu, naye akawaitikia mmoja mmoja. Mwanamke mmoja akasimama, akashika pindo la shuka, akalisugua kwa vidole, akauliza amelifulia nini. Mama Bahati akamtajia jina la ile sabuni, akamwambia alete kopo, atampimia kidogo.